Nambari Tatu Zinazobaki Dukani

Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na Serikali ya Kaunti ya Kiambu

Waheshimiwa,

Mfuko wa mbolea ya viwandani huandikwa nambari tatu: 18:46:0, 17:17:17, 23:23:0, 26:0:0. Nambari hizo ndizo zinazosema ndani mna nini. Ninawaandikia kwa sababu wakulima wengi wa Thika na Ruiru hununua mbolea bila kuziona, na wengi wanaoziona hawajawahi kuelezwa maana yake. Ombi langu ni moja, na ninalitaja mapema ili mlisome mkiwa bado na nafasi: hakikisheni kwamba nambari hizo, pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, zinamfikia anayenunua kilo mbili sawa na zinavyomfikia anayenunua mfuko wa kilo 50.

Nianze na huyo wa kilo mbili, maana sera nyingi za mbolea zimetungwa kana kwamba hayupo.

Ruiru ya leo si ile ya mashamba makubwa ya kahawa. Sehemu kubwa ya ardhi imekatwa ploti za futi 50 kwa 100. Mtu hujenga upande mmoja, na upande unaobaki hupanda mahindi na maharagwe, sukuma wiki, managu, viazi, pengine na migomba miwili karibu na tangi la maji. Ushauri wa kawaida kwa mahindi ni mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP (ile ya 18:46:0) kwa ekari wakati wa kupanda. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ina 5,000. Hata kama ploti yote ingelimwa pasiwe na nyumba wala ua, ingetosheka na kilo 6 kasorobo. Toa nyumba, choo, banda la kuku na njia ya kupitia, hitaji linashuka hadi kilo mbili au tatu. Kwa hiyo mama anayeingia kwenye agroveti karibu na stendi ya Ruiru na kuomba kilo mbili amepiga hesabu yake sawasawa. Mfuko mzima ungemshinda kuutumia, ungekaa nyumbani ukivuta unyevu, na kufikia msimu wa vuli angekuta bonge moja gumu.

Kwenda mbele hadi Thika, upande wa Gatuanyaga, Munyu na Ngoliba, mashamba ni mapana zaidi na mvua ni haba, na huko anayenunua kidogo kidogo mara nyingi hufanya hivyo kwa sababu ya pesa. Sababu ni tofauti, lakini dukani wanafika mahali pamoja: mbele ya mfuko uliofunguliwa mdomo, wenye kopo la kasuku ndani yake.

Pale mnunuzi husema, "Nipe ya kupandia kilo mbili." Au husema, "Nipe ile nyeusi." Muuzaji anachota, anapima, anamimina kwenye karatasi ya khaki, anafunga. Mfuko wenye maandishi, wenye alama ya ubora ya KEBS, wenye nambari ya toleo na jina la aliyeutengeneza, unabaki dukani. Mteja anaondoka na punje tu.

Mtasema jina "mbolea ya kupandia" linatosha. Ni jina zuri, nami silipingi. Linamwambia mkulima wakati wa kuitumia, kama vile "mbolea ya kukuzia" inavyomwambia asubiri mahindi yafike magotini. Tatizo ni kwamba jina hilo moja linabeba vitu vitatu visivyolingana. DAP, ambayo ni 18:46:0, huuzwa kama ya kupandia. NPK 23:23:0 huuzwa kama ya kupandia. NPK 17:17:17 nayo huuzwa kama ya kupandia. Chukua kilo mbili za kila moja. Kwenye DAP mna gramu 920 za fosfeti. Kwenye 23:23:0 mna gramu 460. Kwenye 17:17:17 mna gramu 340. Aliyeombwa DAP akatoa 17:17:17, kwa kuwa DAP imeisha au kwa kuwa hajui tofauti, amempa mteja karibu theluthi moja ya fosfeti aliyoitaka, na kwenye karatasi ya khaki hakuna kitakachomwonyesha mteja. Pengine 17:17:17 ingemfaa zaidi kwa viazi vyake. Lakini hilo alipaswa kulichagua yeye.

Kwenye mbolea ya kukuzia, kubadilishana ni rahisi zaidi, maana CAN na urea zote huweza kuwa nyeupe au karibu na weupe. CAN inayouzwa sana kwetu ina asilimia 26 ya naitrojeni, urea ina asilimia 46. Kilo mbili za CAN zina gramu 520 za naitrojeni, kilo mbili za urea zina gramu 920. Anayezoea kumaliza kilo mbili za CAN kwenye bustani yake ya sukuma, siku akipewa urea bila kuambiwa, atakuwa ameongeza naitrojeni karibu maradufu, na majani yanaweza kuungua pembeni kabla wiki haijaisha. Halafu urea haitaki kuachwa juu ya udongo. Isipofunikwa, au mvua isipoishusha haraka, sehemu ya naitrojeni yake hupaa kama gesi ya amonia na mkulima anakuwa amelipia hewa. CAN huvumilia kunyunyiziwa juu, kwa kuwa nusu ya naitrojeni yake iko tayari katika umbo la naitreti ambalo mmea hulinyonya penye unyevu kidogo tu. Hizi ni mbolea mbili zenye masharti mawili, na macho hayatoshi kuzitenganisha.

Hata kopo lenyewe halipimi haki. Urea ni nyepesi kuliko CAN: kasuku ile ile ikijazwa urea huwa na uzani pungufu kwa karibu robo. Penye mizani, hilo halina madhara. Penye duka linalouza kwa kopo, mnunuzi hajui amepata kilo ngapi za nini.

Sasa nambari zenyewe. Ninaomba mnivumilie nizieleze hapa kwa kirefu, kwa sababu ndivyo ambavyo ningependa zielezwe kwa kila anayenunua.

Ya kwanza ni naitrojeni, ambayo hujenga majani na kuyapa ukijani wake. Mahindi yanayoikosa huanza kugeuka manjano kwenye majani ya chini, rangi ikishuka katikati ya jani kutoka nchani. Ya pili ni fosfeti, chakula cha mizizi na cha mche mchanga. Mahindi machanga yanayoikosa huvaa rangi ya zambarau. Ya tatu ni potashi, ambayo huimarisha shina, hujaza matunda na viazi, na huusaidia mmea kustahimili ukame; ikikosekana kingo za majani ya zamani hukauka kama zilizopitiwa na moto. Kila nambari ni kilo ndani ya kilo 100. Ukiwa na mfuko wa kilo 50, gawanya kwa mbili. Mfuko wa DAP una naitrojeni kilo 9 na fosfeti kilo 23. Mfuko wa 17:17:17 una kilo 8 na nusu za kila kimoja. Kinachobaki ndani ya mfuko si mchanga, kama wengi wanavyohofu. Naitrojeni na wenzake hawafungiki peke yao. Huja wameshikamana na oksijeni, haidrojeni, salfa au chokaa, kulingana na aina ya mbolea, na uzani wa hivyo vyote umo kwenye hizo kilo 50.

Kuna jambo moja ambalo hata wauzaji wengi hawalijui. Nambari ya kwanza ni naitrojeni yenyewe, lakini ya pili na ya tatu hazihesabu fosforasi na potasiamu pekee. Zinazihesabu zikiwa zimeungana na oksijeni. Desturi hiyo ilitoka kwa wanakemia wa karne ya 19 waliokuwa wakipima madini ya mimea katika umbo la oksidi, na nchi nyingi zimeendelea nayo. Ukitaka fosforasi yenyewe, zidisha nambari ya pili kwa 0.44. Ukitaka potasiamu yenyewe, zidisha ya tatu kwa 0.83. Mfuko wa DAP ulioandikwa 46 una fosforasi yenyewe kilo 10 hivi. Mwenye ploti anaweza kupanda vizuri bila kujua hili. Lakini afisa anayemsomea mkulima ripoti ya udongo lazima alijue, maana ripoti ikisema kilo 10 za fosforasi na afisa akasoma kilo 10 za fosfeti, mkulima ataweka chini ya nusu ya alichoandikiwa.

Na sifuri ina maana yake. Naiona kuwa ndiyo nambari muhimu kuliko zote katika ukanda wetu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. DAP haina potashi hata kidogo. CAN haina. Urea haina. Mkulima anayepanda kwa DAP na kukuza kwa CAN, masika na vuli, mwaka baada ya mwaka, harudishi potashi yoyote kutoka kwenye duka la mbolea. Wakati huohuo anauza nje ya shamba ndizi, viazi, nyanya, parachichi na kahawa, mazao ambayo yote huondoka na potashi nyingi. Mwenye ng'ombe hujaliwa kwa samadi, anayepika kwa kuni hujaliwa kwa majivu. Wenye ploti za Ruiru wanaopika kwa gesi na hawana hata mbuzi mmoja hawana pa kuipata, na wengi wao hawajui kama inakosekana, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ile sifuri ya mwisho inawahusu.

Waheshimiwa, mnakumbuka mwaka 2024. Mwezi Machi, wakulima wakiwa tayari kupanda, wanahabari wa Africa Uncensored walifichua kwamba mifuko iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku kupitia Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) haikuwa na ubora uliotarajiwa. KEBS ilichukua sampuli, ikazuia bidhaa na kusimamisha vibali. Serikali iliahidi fidia. Bungeni, hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, ilipitishwa na wabunge 149 tarehe 2 Mei, kisha kamati teule ikaona kwamba tuhuma dhidi yake hazikuthibitishwa. Mjadala ulikuwa mkali, na ulistahili kuwa mkali, maana mkulima akipanda kwenye mchanga mkavu wa ahadi hupoteza msimu mzima, na msimu haurudishwi na hundi.

Lakini katika mjadala ule wote, sikusikia swali hili likiulizwa kwa uzito: mkulima angejuaje? Bidhaa iliyozua kelele zaidi ilinadiwa kwa neno "ogani", na watu wengi wakalichukua neno hilo kama cheti cha ubora. Mbolea ya asili iliyoandaliwa vizuri ina faida kubwa kwa udongo, nami huitumia, lakini nambari zake ni ndogo, mara nyingi chini ya tano kwa kila kirutubisho. Haiwezi kuwekwa kwa kipimo cha DAP ikatarajiwa kufanya kazi ya DAP. Mkulima aliyefundishwa kusoma nambari tatu angeuliza swali hapo hapo ghalani. Asiyefundishwa alisoma bei, ambayo ilikuwa shilingi 2,500, akashukuru Mungu.

Kuna tofauti nyingine ambayo 2024 iliionyesha, na inaniuma zaidi. Aliyenunua mfuko kwa mpango wa ruzuku alikuwa amesajiliwa, alipokea ujumbe kwenye simu, na jina lake lilikuwa kwenye rekodi. Alikuwa na mahali pa kuanzia kudai. Mfuko wenye alama ya ubora nao una nambari ya kibali ambayo mnunuzi anaweza kuituma kwenda 20023 akathibitisha. Yule wa kilo mbili hana mfuko, hana nambari ya toleo, hana nambari ya kibali, mara nyingi hana hata risiti. Mbolea yake ikiwa mbovu, mahindi yatabaki mafupi, naye atajilaumu au atalaumu mvua. Hakuna maabara itakayompokea na gao la punje zisizo na jina.

Katiba ya 2010 haikumtenga. Kifungu cha 46 kinampa kila mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Hakikusema mtumiaji wa kilo 50. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kuunda bodi ya kusimamia sekta hii. Tuna sheria za kutosha kuanzia kazi. Na ng'ambo ya mpaka, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania imekuwa ikizungumza na wakulima wake kwa Kiswahili kuhusu mbolea za kupandia na za kukuzia, kwa hiyo hata istilahi hazihitaji kubuniwa upya.

Ninachopendekeza kinatosha kwenye kibandiko kidogo. Kwa DAP ya kilo 2 kingesema hivi:

DAP 18:46:0. Mbolea ya kupandia. Katika kilo 2 mna naitrojeni gramu 360 na fosfeti gramu 920. Haina potashi. Isigusane na mbegu. Ichanganye na udongo kwanza. Mahindi: kizibo kimoja cha soda kwa shimo, mashimo yakiwa sentimita 75 kwa 50. Weka mbali na watoto na vyakula. Kisha nambari ya toleo, jina la mtengenezaji, na nambari ya kibali cha KEBS.

Kile kizibo hakikuwekwa pale kwa mapambo. Ekari iliyopandwa kwa nafasi hiyo ina mashimo kama 10,800, na kilo 50 zikigawanywa humo kila shimo hupata gramu nne na nusu hivi, ambazo ni kadiri ya kizibo cha soda. Maafisa wa kilimo wamelifundisha hilo kwa miaka mingi, na ni mojawapo ya mafundisho bora waliyowahi kutoa, kwa kuwa kila nyumba ina kizibo. Onyo la kutoigusisha mbegu nalo lina sababu. DAP inapoyeyuka karibu na mbegu hutoa amonia, na mbegu huungua kabla ya kuota. Mkulima hurudi dukani kulalamikia mbegu. Onyo la watoto linahitajika zaidi mbolea ikiwa haina jina, maana urea kwenye karatasi nyeupe jikoni inafanana na chumvi.

Najua hoja mtakazoletewa. Kampuni zitasema kufunga mbolea katika vifurushi vidogo kunaongeza gharama. Ni kweli kunaongeza, na baadhi yao tayari hufunga vya kilo 10 na 25, ambavyo bado ni vikubwa kwa ploti. Basi muuzaji aruhusiwe kuendelea kupima, mradi kila mfuko wa kilo 50 uje na kibunda cha vibandiko ndani yake, vikiwa na nambari ya toleo ya mfuko huo huo. Kila anapochota kilo mbili, anabandika kimoja. Vibandiko vikiisha kabla ya mbolea kuisha, au mbolea ikiisha vibandiko vikibaki vingi, mkaguzi ana pa kuuliza. Gharama ya kuchapa vibandiko 25 ni ndogo ukilinganisha na bei ya mfuko mmoja.

Wauzaji si maadui katika jambo hili. Wengi wao wanaijua mbolea kuliko wanavyosifiwa, na mkulima wa Thika humwamini mwenye agroveti kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu afisa wa kilimo nyanjani anamwona kwa nadra. Muuzaji mwaminifu ndiye anayeumia pale jirani yake anapochanganya mbolea na kuuza kwa bei ya chini, maana karatasi za khaki za wote wawili zinafanana. Kibandiko kingemlinda yeye kwanza.

Kwa Kaunti ya Kiambu nina neno la ziada. Kilimo ni kazi ya kaunti, na maafisa wa ugani ni wenu. Udongo wetu mwekundu una chuma na alumini zinazoifunga fosfeti, ndiyo maana tunaambiwa tuiweke shimoni karibu na mbegu badala ya kuimwaga shamba zima. Ni udongo wenye asidi, na DAP ikitumiwa mfululizo huiongeza, kwa kuwa amonia yake inapogeuzwa naitreti na vijidudu vya udongo huacha asidi nyuma. Asidi ikizidi, fosfeti hufungika zaidi, mkulima huona mazao yakishuka na kuongeza DAP, na mzunguko unaendelea. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, samadi na kupima udongo. Ruiru tunayo taasisi ya utafiti wa kahawa ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ile iliyotoa kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, yenye wataalamu wanaoujua udongo huu kwa miongo mingi. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, tunacho Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Ni nadra eneo la wakulima wadogo kuwa limezungukwa na elimu ya udongo kiasi hiki. Wekeni siku ya kupima udongo sokoni Ruiru na sokoni Thika kabla ya kila msimu, kwa ada ambayo mwenye ploti anaweza kuilipa, na matokeo yaandikwe kwa vizibo na vifurushi vya kilo mbili, si kwa kilo kwa hekta.

Yanayozidi mahitaji ya mimea hayapotei. Naitreti hushuka na maji hadi Mto Ruiru na Ndarugu, inayoishia Mto Athi, na hadi Chania na Mto Thika, inayoishia Mto Tana, ambako watu wengine huteka maji ya kunywa. Anayejua alichoweka ataweka kwa kiasi.

Kwa hiyo kwa KEBS: fanyeni kibandiko cha Kiswahili kuwa sharti la kibali cha mbolea, kwa mfuko na kwa kipimo kidogo. Kwa Wizara: mbolea ya ruzuku ianze, maana ni yenu na hamhitaji kumshawishi mtu mwingine, na iuzwe pia kwa vifurushi vya kilo 5, ili wenye ploti waliosajiliwa wasilazimike kuomba jirani wagawane mfuko. Kwa Kaunti: chapeni bango moja linaloeleza nambari tatu, libandikwe ukutani katika kila agroveti ya Thika na Ruiru, juu ya mizani, mahali mteja anaposimama akisubiri kupimiwa. Bango hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti ya ziada ya kutajika, na linaweza kuwa tayari kabla ya mvua za masika za Machi.

Naomba jibu lenu liandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ofisi za kilimo za Thika na Ruiru, ambako sisi wa kilo mbili tunaweza kulisoma.

Wenu kwa heshima,

Mkulima mdogo, Ruiru